Mafuta Aliyopewa Arap Sigei

Alexander arap Sigei wa Chebunyo aliiamini pua yake kuliko macho yake, na kuliko pua yake aliwaamini watu wa rika lake. Ukitaka kujua jinsi alivyoharibikiwa, shika hayo mawili tu.

Mwaka wa 1958 alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno ya chini kama wanaume wote wa umri wake, na upande ule wote wa Chepalungu hakuna mwingine aliyekuwa na pikipiki yake mwenyewe. Aliinunua kwa Mzungu kijana, msaidizi wa meneja katika shamba la chai, aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ng'ombe wanne na mtamba mmoja walikwenda mnadani ili chombo kile kije nyumbani. Baba yake alipokiona alikizunguka mara mbili akauliza kinazaa mara ngapi kwa mwaka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alexander naye alicheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini hakuinunua kwa maringo, na hapo ndipo roho inaponiuma. Nyumba saba za Chebunyo zilikuwa zimejiunga zikapata mashine ya mkono ya kutenganisha krimu. Kiwanda cha siagi kilikuwa Sotik, zaidi ya maili ishirini. Meneja wa kiwanda alikubali kupokea krimu yao kwa sharti moja: ifike kabla ya saa nne asubuhi, ikiwa bado tamu. Ikifika imechacha mara tatu, wasirudi tena. Punda asingeiweza safari hiyo, na mtu wa miguu ndiyo kabisa. Ilibaki pikipiki. Alexander aliifungia chuma nyuma, mikebe miwili ikakaa kulia na kushoto, na kila alfajiri akaondoka na jasho la nyumba saba. Watoto wa nyumba hizo walikuwa shuleni kwa krimu hiyo. Mjane mmoja, Chepkemoi, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na mwanawe wa pekee alikuwa darasa la saba kwa chuchu nne za huyo ng'ombe.

Aliyemfundisha kuilisha pikipiki ni Zacheus Thuo, Mkikuyu, fundi katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Kericho. Siku hizo za hali ya hatari Mkikuyu hakukaa Kericho hivi hivi. Thuo alikaa kwa kibali, karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati, na kila askari aliyepita aliweza kumwambia aikunjue. Labda ndiyo maana alisema maneno machache na kuyapima kwanza.

"Sikia, mzee," alimwambia Alexander siku ya kwanza, "hii pikipiki iko na tumbo mbili. Tumbo ya injini na tumbo ya gia, kila moja na chakula yake. Injini weka namba arobaini. Kwenu ni joto, huku ni baridi, arobaini itavumilia kote. Ukimaliza maili elfu moja, mwaga ikiwa moto, weka ingine. Gia weka namba hamsini. Ni ile ile ya injini, lakini nzito. Mafuta ya difu ya lori, ile tumbo ya ekseli ya nyuma, usiweke hata siku moja."

"Kwa nini? Si difu pia ni gia?"

"Ni gia, lakini ni chuma kwa chuma. Hapa ndani iko bushi za shaba. Mafuta ya difu iko na salfa, na salfa ikipata moto inakula shaba pole pole, kama mchwa na nguzo. Hutasikia kitu mpaka nyumba ianguke."

Alexander alishika maneno hayo kama katekisimu. Miezi mitano alinunua mafuta yake kwa Thuo, ya arobaini na ya hamsini, na pikipiki ilipanda milima ikiimba. Kisha akaingia Kipkoech.

Kipkoech alikuwa bakule wake. Wakipsigis waliotahiriwa pamoja, wakalala kibanda kimoja hadi vidonda vikapona, huitana hivyo mpaka kaburini. Bakule hatiliwi shaka. Ukimpa ng'ombe wako akutunzie, huendi kumhesabu. Kwenda kuchungulia zizi lake ni kumwambia mbele ya mkewe kwamba ni mwizi. Ndivyo walivyolelewa, na kwa mambo ya ng'ombe desturi hiyo iliwafaa miaka mingi. Aliyeitunga hakuwahi kuona giaboksi.

Huyu Kipkoech aliajiriwa katika gereji ya kiwanda cha chai kandokando ya barabara ya Kericho, na kijijini alikuwa mtu wa kutajwa. Aliporudi mwisho wa mwezi alivaa ovaroli ya buluu hata kanisani. Siku moja alimkuta Alexander akimimina mafuta akatikisa kichwa.

"Bakule, mimi niko gereji ya Wazungu, na wewe unachaguliwa mafuta na Mkikuyu? Watu wakisikia watasema nini juu yangu? Ya injini nunua huko. Ya gia niachie mimi."

Wiki iliyofuata Alexander alisimama kwenye lango la kiwanda akapewa mkebe uliofungwa kwa tambara. Akaufungua, akanusa. Harufu ilimpanda puani mpaka machozi yakamlenga. Sasa kumbuka huyu ni mtu aliyelelewa kwa mursik. Maziwa yaliyolala vizuri kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa hukupiga puani kabla hayajafika mdomoni, na yasiyokupiga hupewa wageni wasiojua. Yale mafuta ya Thuo hayakuwa na harufu ya maana. Haya yalikuwa na nguvu! Alexander alicheka kwa furaha. Akamwaga ya hamsini, akajaza ya bakule, na hakuuliza yametoka pipa gani. Angeulizaje?

Mwezi haukuisha Thuo akainusa pikipiki. Alikuwa amechuchumaa akikaza mnyororo. Akasimama, akafungua kifuniko cha gia, akainamisha pua.

"Mzee, hii umepewa na nani?"

"Na ndugu yangu wa kiwanda cha chai."

"Hii ni ya difu. Wacha nimwage sasa hivi."

"Halafu nimwambie nini? Ati Mkikuyu amemwaga zawadi yake?"

"Mwambie imekosewa. Mtu anaweza kukosea pipa."

Hapo Alexander alipandwa na hasira, na mtu akipandwa na hasira huokota jiwe lililo karibu. Alisema, "Ninyi huko kwenu mmekula viapo mkauana ndugu kwa ndugu. Leo unataka kunifundisha kumshuku wangu?"

Lilikuwa neno baya, na aliujua ubaya wake likiwa bado ulimini. Thuo alifunga kile kifuniko, akafuta mikono yake kidole kwa kidole, akaenda kwenye gari lingine. Tangu siku hiyo hakusema tena habari za mafuta.

Pikipiki yenyewe ndiyo iliyoendelea kusema. Kwanza gia ikawa ngumu kuingia. Kisha ya tatu ikaanza kuruka mteremkoni. Alexander ikambidi aende kwa ya pili, polepole, na siku moja ya jua kali krimu ilifika imechacha. Hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa imeharibiwa na mto uliofurika, ambao huwezi kuushtaki. Nyumbani mkewe, Tecla, alipaka nguzo za ghala mafuta yaliyomwagwa kutoka kwenye gia ili kufukuza mchwa. Akaliinamisha juani karai la mafuta hayo.

"Baba Cherono, hii mafuta yako imeanza kuzaa dhahabu. Angalia inavyong'aa."

"Ni jua."

"Jua ingeng'aa kwa maji pia. Muulize Kipkoech."

Alimwuliza, kwa adabu, kwa kuzunguka zunguka, kama mtu anayeuliza habari ya mvua. Kipkoech alimkuta langoni kama kawaida. Hakuwahi kumruhusu aingie, kwa kuwa, alisema, Mzungu wa gereji hapendi wageni. Ovaroli yake ilikuwa safi mno kwa mtu wa grisi, na kwenye nywele zake kulikuwa na vipande vya jani la chai. Macho ya Alexander yaliyaona hayo yote. Moyo wake ulikataa kuyapokea.

"Hiyo ni kawaida, bakule," Kipkoech alisema akimpigapiga bega. "Gia zinalainishana. Endelea tu."

Akaendelea. Asubuhi moja ya Septemba alivuka daraja la mto Nyangores pale Bomet, akaingiza gia ya pili apande. Kukasikika mlio kama wa jino linalong'olewa, gurudumu la nyuma likakwama, na mbingu ikawa chini. Alipoinuka goti lilikuwa limechanika. Mkebe mmoja ulikuwa umefunguka, na krimu ya nyumba nne ilikuwa inateremka barabarani kwa utulivu, nyeupe juu ya murram nyekundu, inzi wakiifuata. Mkebe wa pili ulipona. Alikaa nao juani kwa muda wa saa tatu mpaka lori likamwonea huruma. Huko kiwandani Sotik karani alifunua kifuniko, hakuchovya hata kidole. Alisema tu, "Ya tatu," akaandika, akamrudishia mkebe.

Kesho yake pikipiki ilipanda Kericho kwa lori, juu ya magunia ya mahindi. Alexander aliingia gerejini kwa Thuo akichechemea, hajui aanze na salamu au na toba. Thuo hakumpa nafasi ya lolote. Alileta spana, akafungua, akatandaza tambara, akapanga bushi moja moja. Zilikuwa nyeusi, nyembamba kama kucha, na moja ilikuwa imeshikana na chuma chake mpaka ikabidi ipigwe nyundo. Hakusema "nilikuambia." Wengi wetu tungesema.

"Hata meno ya gia imeisha," alisema. "Spea yake inatoka Ulaya, kama bado wanatengeneza."

"Labda alikosea pipa," Alexander alinong'ona.

"Labda," Thuo alijibu, akainamisha uso. "Lakini mtu wa gereji, hiyo harufu inamwambia."

Maneno hayo yalimtembeza Alexander mguu mbovu mpaka kiwanda cha chai. Hakwenda kugombana. Alikwenda kuambiwa kwamba ni makosa, na alikuwa tayari kuamini. Kipkoech hakuwa langoni. Aliyekuwapo ni nyapara wa gereji, Mkisii mmoja aitwaye Gekara.

"Kipkoech? Huyo alitolewa gereji tangu Februari. Alipasua injini ya trekta. Panda ngazi hiyo, yuko juu anaanika majani."

Februari. Mkebe wa kwanza alipewa Aprili. Alexander alipanda ngazi akihesabu miezi upya, kila hatua ikitoa jibu lile lile. Huko juu, kwenye vitanda virefu vya kunyaushia chai, katikati ya wanawake na vijana walioajiriwa juzi, bakule wake alikuwa anatandaza majani kwa mikono miwili. Kipkoech alipomwona aliinama zaidi juu ya majani.

"Ulijua?" Alexander aliuliza.

"Bakule, punguza sauti."

"Ulijua ni ya difu?"

Kipkoech alitazama kulia na kushoto. "Nilijua. Dereva wa lori alikuwa ananipa yenye kubaki. Mimi ningesema nini? Huko nyumbani wewe ndiwe ulikuwa unanisifu, ati bakule yangu wa gereji, bakule yangu wa gereji. Ningekuambia naanika majani na wanawake? Nilisema pengine itavumilia."

"Nilikuwa naweka karo ya watoto wa watu juu ya hiyo pikipiki."

"Nisamehe. Usiseme huko nyumbani, hiyo tu naomba."

Nani asiyeujua uchungu huo? Adui akikuchoma unapiga kelele. Huyu wako unatafuta kwanza namna ya kumficha. Alexander alisimama pale, harufu ya majani mabichi imemjaa kichwani, akagundua kwamba bado anampenda. Akamwambia hatataja kazi ya majani. Alitaka jambo moja tu. Jumamosi wenye krimu na wazee wa kokwet, baraza la kijiji, wangekutana kuuliza kilichoharibu. Kipkoech aje aseme kwamba mafuta yalitoka kwake, kwamba alikosea pipa. Watu humsamehe aliyekosea, na huenda wakamtuma mzee mmoja kwa meneja wa siagi kumwomba. Kipkoech aliapa kwa kile kibanda walicholala pamoja. Alexander alirudi nyumbani akiwa na nafuu, hata akamwambia Tecla, "Ni mtu mzuri, aliogopa tu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Tecla alisema.

Jumamosi watu walikaa nyasini mbele ya kibanda cha mashine. Ilikuwa saa tano, jua linawaka. Wazee walikaa mbele, wenye krimu nyuma yao, wanawake kando. Karani wa chifu alikuwapo pia na daftari lake. Mjane Chepkemoi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Alexander, mwanangu amebakiza mtihani mmoja. Ni nini iliharibu?"

Alexander akamgeukia bakule wake. Kipkoech alisimama. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu, imepigwa pasi.

"Mimi niko gereji ya Wazungu miaka sita," alianza. "Nilimwambia huyu ndugu yangu: injini namba arobaini, gia namba hamsini, mafuta ya difu usiweke hata siku moja, itakula shaba. Nilimwambia. Lakini yeye alipenda gereji ya Mhindi. Kuna Mkikuyu pale, anaitwa Thuo. Huyo ndiye alimpa mafuta ya lori."

Alisema yote kwa mpangilio, neno kwa neno la Thuo, kama Alexander mwenyewe alivyomsimulia zamani wakinywa maziwa. Watu waliguna. Mtu mmoja akasema Wakikuyu ndivyo walivyo. Karani wa chifu akafungua daftari akauliza jina linaandikwaje, kwa maana mtu wa namna hiyo kibali chake hakina haja ya kungoja mwaka uishe.

Alexander angeweza kunyamaza. Nimelifikiri sana jambo hili, na nasema angeweza. Krimu ilikuwa imekwisha, pikipiki imekwisha. Akinyamaza angebaki angalau na rika lake. Akasimama.

"Usiandike," alimwambia karani. "Thuo hakunipa. Thuo alitaka kuyamwaga nikamtukana. Mafuta alinipa Kipkoech, mkononi, langoni, na alijua. Yeye hayuko gereji tangu Februari. Anaanika majani. Ukiandika jina la Thuo, nitakwenda kwa DC mwenyewe niseme wewe umeandika uongo."

Karani alifunga daftari. Shahidi akiikataa kesi, kesi hakuna. Lakini hakuna aliyeguna safari hii. Wala hakuna aliyemshangaa Kipkoech. Watu walikuwa wanamtazama Alexander, na wazee wawili walikuwa wameinamisha macho kwa aibu, aibu kwa niaba yake.

"Arap Sigei," mzee wa kokwet alisema mwishowe, "mimi sijui mambo ya mafuta. Lakini mimi najua hii. Mtu hamvui nguo bakule yake mbele ya wanawake, hata kama ni kweli. Na mtu anayeweza kufanya hiyo, kusema uongo inamshinda nini?"

"Nimesema kweli, mzee."

"Kwa ajili ya Mkikuyu?"

Alexander aligeukia upande wa wanawake. Alimtazama Chepkemoi, mjane alikuwa amegeuza uso. Huko nyuma kijana fulani alicheka akisema gereji ya Wazungu haiwezi kumpeleka mtu kuanika majani.

Ndipo Kipkoech alipotoka mahali pake. Alitembea polepole mpaka katikati ya watu, macho yakiwa na machozi, na sidhani kama yalikuwa ya uongo. Akanyoosha mkono.

"Wazee, huyu amepoteza pikipiki, na uchungu ndio unasema. Mimi siwezi kubeba maneno yake. Mbele yenu wote, nimemsamehe bakule yangu."

Wanawake walisifu. Mzee wa kokwet aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwambia Alexander apokee. Alexander aliutazama ule mkono. Ulikuwa hauna tone la grisi, na chini ya kucha kulikuwa na ukijani wa chai ambao yeyote angeuona kama angependa kuona. Hakuupokea. Alimshika Tecla kwenye kiwiko, wakaenda zao nyumbani.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alilima, alisomesha, hakumiliki tena chombo chenye injini, na akipita Kericho alimpelekea Thuo mahindi mabichi. Kipkoech alikaa mbele katika kila sherehe ya rika lao, na Alexander hakuitwa. Ukienda Chebunyo leo ukauliza wazee habari zake, watakuambia alikuwa mchapa kazi, mtu wa kanisa, ila alikuwa na kinyongo: bakule wake alimsamehe mbele ya watu wote, naye akaukataa mkono.